Mama Chapa na Sura ya Kumi na Moja

Ukimuuliza dada yangu anafanya kazi gani, atakujibu, "Nachapa tu." Hilo "tu" lake linaniudhi. Tumeshirikiana chumba kimoja cha kazi miaka tisa, yeye na kompyuta yake upande wa ukutani, mimi na cherehani yangu mlangoni kwa ajili ya mwanga, na ninajua ninachokisema. Kwa hiyo leo yeye anyamaze, niseme mimi.

Watu wanamwita Mama Chapa. Alianzia kwenye taipureta ya ofisi ya shule akiwa na miaka kumi na tisa, na mpaka leo anaweza kuchapa barua huku amekukazia macho akikuuliza habari za mama mkwe wako. Akikosea herufi anajua kabla hajaiona. Utasikia tu anaguna. Taipureta zilipoachwa akahamia kompyuta, na somo lake la kwanza lilikuwa kuacha kubonyeza kitufe cha kushuka kila mstari unapoisha. Mkufunzi alimwambia mashine itashuka yenyewe, yeye abonyeze aya ikimalizika. Mwezi mzima vidole vilimsaliti, halafu tabia ile ikamtoka kabisa. Ninawasimulia jambo dogo hivyo kwa sababu nusura lituue.

Kazi zetu ni za kawaida. Yeye ana barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na kumbukumbu za mikutano. Mimi nina suruali za kupunguza na sare za kushona. Siku hiyo akaingia mzee mmoja mrefu, amekumbatia madaftari manne makubwa kifuani, na hakukubali kuyaweka mezani mpaka nilipofuta vumbi la chaki yangu.

Huyo ndiye Mwalimu Sehemu. Amefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hawezi kukata mkate bila kukuuliza zimebaki sehemu ngapi. Tangu astaafu alikuwa anaandika kitabu cha hesabu kwa ajili ya watoto ambao, kwa maneno yake, "wameambiwa hawana akili na watu wasiojua kufundisha." Alishakipeleka mara mbili kwa jopo linalochagua vitabu vya shule, na mara mbili kilirudi hata hakijasomwa. Mara ya kwanza kilichapwa kwingine, kikafunguliwa kwenye kompyuta ya jopo, na kila robo na kila theluthi ikageuka kisanduku kitupu. Mara ya pili mistari ilihama, michoro ikaenda kukaa juu ya majibu. Na jopo lina sheria yake: muswada mmoja unapokelewa mara tatu, basi.

"Imebaki mara moja, mama," alimwambia dada. "Wiki sita. Ijumaa ya mwisho, saa sita mchana, dirisha linafungwa. Ukiona huwezi, niambie sasa hivi. Sitakasirika."

Dada akafungua daftari la kwanza. Mwandiko ulikuwa safi, lakini yaliyokuwemo yalinitisha hata mimi ninayetazama kwa mbali: sehemu juu ya sehemu, mabano ndani ya mabano, alama ambazo kwenye kibodi hazipo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Naweza," akasema.

Siku tatu baadaye alikuwa hawezi. Programu yake ya kila siku ilikubali barua, ilikubali mitihani, lakini hesabu za Mwalimu iliziona adui. Akisogeza mchoro mmoja, kurasa sita zinaruka. Akipanga robo ikae sawa hapa, ya pale inaporomoka. Siku ya nne alisimama, akachukua mkoba, akatoka bila kuaga. Nilidhani anakwenda kurudisha madaftari. Kumbe alikwenda maktaba ya chuo, kwa mkutubi ambaye dada aliwahi kumchapia tasnifu, na akarudi saa nane amekamata flashi mkononi kana kwamba kuna mtu anataka kumpora.

"Nimepata," akasema. "Ni mkusanyiko wa programu za kupanga kurasa za vitabu. Unaitwa TeX Live. Watu wa sayansi ndio wanaoutumia, wenye hesabu ngumu kuliko hizi."

"Bei gani?"

"Bure."

Mimi neno hilo linanipandisha hasira. Nimewahi kupewa uzi bure, ukakatika kwenye makalio ya mteja. Nikamuuliza nani huyo anayekesha kutengeneza kitu halafu akigawe, na anataka nini kwetu. Dada akanieleza alivyoelezwa: ni watu wa nchi mbalimbali, wanajitolea, kila mwaka wanaukusanya upya na kuutoa kwa yeyote. Kisha akasema lililokuwa limemfanya atembee kwa haraka vile. Ule mkusanyiko unakaa kwenye kompyuta ya aina yoyote, na faili moja ukilipeleka mashine hii na ile, kurasa zinatoka zile zile, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo hakuna visanduku?" nikauliza.

"Hakuna visanduku, mdogo wangu."

Tukauweka. Mkutubi alikuwa amempa kwenye flashi kwa sababu ni mzigo mkubwa. Alisema akijaribu kuupakua kwa bando la simu atazeeka. Kompyuta yetu kuukuu ikaanza kuandika mistari kwenye kioo: kifurushi cha kwanza kati ya elfu nne na ushee, jina lake, na muda uliobaki. Cha pili. Cha kumi. Cha mia. Mteja wangu wa suruali akasogea kutazama. Muuza vocha wa jirani akaingia, akauliza ni mchezo gani. Kufika elfu mbili tulikuwa watu saba, na kila mia ikitimia mtu anaitangaza kwa sauti. Kwenye elfu tatu na mia tisa taa ikapepesa. Ikatulia, namba zikaendelea, na ilipofika ya mwisho chumba kilipiga makofi, ingawa watano kati yetu hawakujua tumeshinda nini.

Dada akatoa karatasi aliyoandikiwa na mkutubi. Akachapa mstari mmoja wa maneno na mabano, akabonyeza, akasubiri.

"Njoo," akaniita. "Njoo uone."

Nilikwenda na sindano mdomoni. Katikati ya ukurasa mweupe ilisimama robo tatu. Tatu juu, nne chini, na kati yao kimstari chembamba kilichonyooka kuliko mshono wowote niliowahi kushona. Nilifurahi, nakiri. Dada alikigusa kioo kwa kidole, kisha akaanza kucheza pale pale katikati ya chumba, mwanamke mzima na miwani yake, na mimi nikacheza naye.

Wiki tano zilizofuata sikuwa na dada, nilikuwa na mgomvi. Katika kazi ile huuoni ukurasa unapoandika. Unaandika maneno pamoja na maagizo, halafu unaiambia mashine ipange. Kwangu haikuwa ngeni, maana hata mimi naandika vipimo kwanza ndipo gauni lije. Lakini ukisahau bano moja la kufungia, mashine inasimama na kukulalamikia, na dada naye hakubali kulalamikiwa.

"Bano liko wapi? Hilo hapo! Huna macho?" anaifokea. Kisha sauti ya chini: "Aa. Halipo. Samahani."

Mimi huku nimevunjika mbavu.

Mwalimu naye alikuwa na kompyuta mpakato aliyonunuliwa na binti yake, ya aina tofauti kabisa na yetu. Mkutubi akamwekea mkusanyiko ule ule. Dada akimaliza sura, anamtumia faili, Mwalimu anaiagiza mashine yake ipange, kisha anapiga simu. Ya kwanza siisahau.

"Ukurasa wa tisa, mstari wa sita," alisema, na dada alikuwa ameweka simu kwenye spika. "Kwako neno la kwanza ni lipi?"

"'Kwa hiyo,'" dada akasoma.

"Hata kwangu ni 'kwa hiyo'! Na la mwisho?"

"'Mbili.'"

"'Mbili'! Mama Chapa, ni 'mbili'!"

Walipigiana kelele kama watoto waliookota mpira. Kuanzia hapo wakawa wanasahihisha kwa simu, huyu kwake na huyu kwake. Walipanga kuanza na sura ngumu zenye hesabu za kutisha. Sura ya kumi na moja, Asilimia, waliiacha iwe ya mwisho. Ilikuwa rahisi, karibu yote maneno matupu. Dada aliichapa kwa siku moja na nusu, akaitazama juu juu, ikapendeza, akaituma Alhamisi jioni.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nambana mteja mmoja pini kwenye gauni ambalo lilikuwa bado lina mkono mmoja. Simu ya dada ikalia.

"Mama Chapa," sauti ya Mwalimu haikuwa na nguvu, "umekula maneno yangu."

"Maneno gani, Mwalimu?"

"Nakusomea. 'Darasa lina wanafunzi hamsini. Ikiwa 12…' Basi. Nukta hakuna, swali hakuna, inaingia aya nyingine. Nayo inakatika. Zote zinakatika. Kwenye daftari langu sura hii ina kurasa ishirini na mbili. Hapa naona saba."

Dada akafungua ukurasa. Ni kweli. Tulikuwa tumeupita mara mbili na macho yetu, ukiwa mzuri hivyo, umenyooka hivyo, na zaidi ya nusu ya sura haimo. Mashine haikusimama, haikulalamika, haikusema neno. Saa nne na nusu zimebaki, na mzee wa watu hana mara ya nne.

"Nitachapa upya," dada akasema, akaivuta kibodi karibu.

"Kabla hujachapa, fungua ulichokiandika," nikamwambia. Nilisema kwa ukali kwa sababu niliogopa.

Akafungua faili la maagizo. Na maneno yote yalikuwemo! Wanafunzi hamsini, asilimia yao, swali, jibu, kila kitu, aya ndefu zimelala kila moja kwenye mstari wake mmoja. Mashine iliyaona na haikuyapanga. Dada akakaa ameshika tama.

Mimi hesabu sizijui, lakini mkato naujua. Nguo ikichanika mahali pengi, fundi hatazami matundu, anatazama yanapoanzia. Nikasogea na pini zangu, nikatazama ukurasa, nikatazama faili, nikarudi ukurasani.

"Dada, hazikatiki ovyo. Kila moja imekatika baada ya namba. Hapa baada ya kumi na mbili, hapa baada ya arobaini, hapa baada ya tano. Baada ya namba kuna nini?"

"Alama ya asilimia," akasema. Kisha akasema tena, polepole, "Alama ya asilimia." Akajipiga paji la uso mpaka mteja wangu akashtuka. "Na kuanzia hapo herufi zimekuwa za kijivu! Nimeziona tangu juzi. Nilidhani wameweka urembo!"

Akampigia mkutubi. Mkutubi alicheka kidogo, kisha akaona si wakati wa kucheka. Kwa mashine ile, alisema, alama hiyo maana yake ni, "Kuanzia hapa hadi mwisho wa mstari ni kumbukumbu ya mwandishi, usiipange." Wengine huandika mistari mifupi, wakakosa maneno mawili matatu. Dada yangu, aliyefundishwa asibonyeze kushuka mpaka aya iishe, alikuwa anapoteza aya nzima kwa alama moja. Ni kosa ambalo mchapaji mbaya asingeweza kulifanya, na nilimwambia hivyo baadaye.

"Weka kimstari cha mshazari mbele ya kila alama, kile kinachoegemea kushoto," mkutubi akasema. "Itajua unataka ionekane."

"Ziko ngapi?"

"Iambie izitafute zote kwa pamoja."

Mia moja na themanini na saba. Zilibadilika kwa kupepesa jicho. Dada akaiagiza mashine ipange, na sisi sote, mteja wa gauni akiwemo, tukainama kwenye kioo. Sura ya kumi na moja ikafunguka. Saba zikawa kumi na tisa, si ishirini na mbili za daftari, kwa sababu chapa imebana kuliko mwandiko. Maneno yamerudi! Nilipiga ukelele uliomleta muuza vocha mbio.

"Lakini orodha ya yaliyomo imekosea," mteja akasema, kidole kwenye ukurasa wa mbele. Sura ya kumi na mbili ilisemwa iko pale ilipokuwa jana, kabla kurasa hazijaongezeka. Roho yangu ikapaa tena.

Dada akatabasamu. Mara ya kwanza asubuhi ile. "Hiyo naijua. Mara ya kwanza inatembea na kukumbuka kila kitu kiko wapi. Mara ya pili ndiyo inaandika." Akabonyeza tena. Yaliyomo yakakaa sawa, sura kwa sura, kitabu kizima kurasa mia tatu na kumi na mbili.

Printa ilianza saa nne kasorobo. Nilikaa nayo ana kwa ana, naomba isinifanyie vituko. Kwenye mia mbili na sita ikameza karatasi mbili pamoja. Dada akaifungua, akazivuta kwa ncha za vidole bila kuzichana, ikaendelea. Mwalimu akafika na baiskeli yake, suruali imebanwa na kamba kifundoni, hana pumzi. Hakutusalimu. Alichukua kurasa za sura ya kumi na moja zikiwa bado na joto, akasoma amesimama, kalamu mkononi, tayari kukwaruza.

Alisoma ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Kalamu haikushuka.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nakiona kichwani," akasema. "Mwandiko wangu haukuwahi kufika hapa."

Dada akajifanya anapanga karatasi. Mimi nililia, sina la kuficha.

Ofisi ya jopo iko mitaa miwili kutoka kwetu. Saa tano na nusu tukatoka patashika nguo kuchanika: Mwalimu na robo ya kitabu, dada na robo, mimi na robo, na mteja wangu na robo ya mwisho, ndani ya gauni lenye mkono mmoja na pini kumi na nne, kila hatua anasema "aa!" Tuligawana hivyo ili mmoja akijikwaa tusipoteze chote. Mwalimu alituambia tuangalie jinsi kitabu kilivyogawanyika sehemu nne zilizo sawa. Nikamwambia atembee.

Dirishani alikuwepo katibu wa jopo, yule yule aliyewahi kumrudishia muswada mara mbili. Alimtambua Mwalimu, na uso wake ulionyesha amechoka kabla hatujafika. Akavuta kurasa kwake, akazipanga pamoja, akaangalia saa. Saa sita kasoro dakika nane. Kazi yake ni kupokea tu, anagonga muhuri na kuandika tarehe. Hana haja ya kusoma. Lakini alishazoea visanduku, nadhani alitaka kuvitafuta. Akafunua katikati, ikatokea sura ya kumi na moja.

Akatafuta visanduku, hakuviona. Akafunua ukurasa wa pili. Akaacha kufunua.

Msije mkaniuliza baadaye: kitabu kilikubaliwa, barua ilikuja baada ya miezi mitatu, na dada amepewa vitabu vingine viwili vya kupanga. Lakini mimi ushindi niliuona pale pale. Katibu aliinamisha kichwa. Midomo yake ikaanza kucheza. Akachukua kalamu, akaandika kitu kidogo kwenye kiganja chake, akafuta kwa kidole gumba, akaandika tena. Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika. Dada alikuwa amenibana mkono hadi umekufa ganzi, akitazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha yule bwana. Kasoro dakika tano. Kasoro nne. Nilitaka kumfokea agonge muhuri wake. Mwalimu akaninyamazisha kwa mkono bila kugeuka. Alikuwa anamtazama yule katibu kama walimu wanavyomtazama mtoto aliye karibu kufika.

"Hili tangi la lita mia mbili," katibu akasema, bila kuinua macho. "Lililojaa asilimia thelathini na tano." Akamaliza kuandika. Akainua uso, na kwa dakika hiyo hakuwa katibu wa mtu yeyote. "Ni sabini?"

"Sabini," akasema Mwalimu.

"Shuleni hizi zilinishinda kabisa."

"Hazikukushinda," Mwalimu akamwambia. "Hukuonyeshwa vizuri."

Katibu akaitazama ile karatasi kidogo tena, kisha akagonga muhuri.